Futi Saba Kasoro Kiganja

Siku ya tatu ukuta ulikuwa uchi.
Marumaru za zamani, zile za maua ya bluu,
zimelala kwenye karai kama meno yaliyong'olewa,
na bomba kuukuu limechomoza kwenye tofali
likidondosha tone, likifikiri, likidondosha tone.
Fundi Kundaeli akavuta futi kamba,
penseli sikioni, akaniuliza
swali ambalo sikuliwekea bajeti:
"Dada, humu ndani mrefu ni nani?"

Mimi ni futi tano na inchi tatu.
Mama alikuwa kama mimi; sasa anairudia ardhi
inchi moja kila masika.
Nikasimama ukutani bila viatu, akachora.
Mama akasimama na fimbo yake, akachora.
"Basi weka futi sita," nikasema. "Yatosha na kubaki."

Kundaeli akaitikia kwa kichwa.
Tangi letu, akasema, limekaa juu ya kibanda cha kuni,
futi tisa tu kutoka chini,
halina mlima wa kuyasukuma maji.
Kila inchi unayolipandisha bomba la mvua
ni nguvu unayoipunguza. Ukizidisha,
mvua inakuwa umande.
Na hapa Rau, mwezi wa saba,
maji ya moto hayahitaji safari ndefu ili yapoe.

"Na Ndewario?" Mama akauliza.

Hata tone lilingoja.

Ndewario, kaka yangu, futi sita na inchi nne,
anayekuja tarehe ishirini na mbili Desemba
na kuondoka tarehe mbili.
Siku kumi na moja, na hapo sijatoa
zile anazolala kwa wakwe zake.
Nikapiga hesabu kwa sauti, sikuona haya:
siku mia tatu hamsini na nne tuoge umande
ili mtu mmoja asiiname?

"Ameinama miaka kumi na minane," Mama akasema,
"chini ya bomba la baba yenu.
Baba yenu alilipima kwa kichwa chake mwenyewe.
Sikusema kitu.
Sasa nasema."

Maji nilishayavulia nguo, na fedha ni yangu.
Nikaondoka kwenda Mbuyuni kununua elbo mbili.
Mwenye duka hakuwa na chenji, alikuwa na maneno.
Niliporudi, Kundaeli ana kikombe cha chai ya maziwa,
sahani ya ndizi nyama imefutwa hadi ua lake,
na tundu limeshatobolewa:
futi saba kasoro kiganja.

"Kichwa cha mrefu," akasema bila kunitazama,
"halafu kiganja juu yake. Ndiyo kanuni."
Nikamuuliza amempimaje mtu aliyeko Mwanza.
Akanionyesha kwenye plasta alama ya tatu,
mstari uliotetemeka.
Mama aliiacha fimbo, akapanda kigoda,
akanyoosha mkono wenye penseli.
Alikumbuka mwanawe anapoishia.

Marumaru nyeupe zikazifunika alama zote tatu.
Agosti tukaoga umande, Septemba tukaoga umande.
Mama alirudi kwenye ndoo na kopo lake,
akisema hita inamtazama vibaya.
Mimi nililalamika kila asubuhi, kwa sauti,
povu machoni, nimenyanyua uso
kama kuku anayekunywa maji.

Tarehe ishirini na tatu, alfajiri,
Ndewario akaingia kuoga.
Mama akapata kazi ya ghafla koridoni,
akafagia mahali palipokwisha fagiliwa.
Koki ikalia. Tukasikia maji yakipiga sakafu,
kisha yakabadili sauti: yamempata mtu.
Ufagio ukasimama.
Halafu kicheko, cha mtu aliye peke yake,
halafu, kutoka nyuma ya mlango:
"Mama! Mbona nimeinama?"